Veranda ya Delamere, Barabara ya Thuku: Hadithi mbili za hoteli ya Norfolk

MZAZI anayepita na watoto karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, upande wa Barabara ya Harry Thuku, huenda asifike mbali kabla ya kuulizwa swali. Hapo kuna jengo pana lisilo refu, lenye mbao nyeusi juu ya kuta nyeupe kama nyumba za kale za Uingereza. Mbele yake kuna veranda ambapo watu huketi wakinywa chai, na langoni kuna walinzi. Mtoto hutazama watu wale, kisha hutazama walinzi, na kuuliza, "Pale ni pa nani?"

Pale ni hoteli ya Norfolk, mojawapo ya hoteli kongwe zaidi nchini. Ilifunguliwa siku ya Krismasi, Desemba 25, 1904. Wakati huo Nairobi ilikuwa na umri wa miaka mitano tu, na jina la koloni la Kenya lilikuwa bado halijatangazwa.

Lakini swali la mtoto halimalizwi na tarehe. Kwa miaka mingi veranda ile imebeba jina la Lord Delamere, kinara wa walowezi wa Kizungu. Barabara inayopita mbele yake nayo ina jina la Harry Thuku, kijana aliyetiwa mbaroni kwa kuwapinga walowezi hao. Mgeni akiandikiwa barua hapo, anwani yake humtaja Thuku. Akiteremka kunywa kahawa, huketi kwa Delamere. Ni hoteli chache duniani zilizo na historia ya nchi nzima mlangoni namna hiyo, na mzazi hahitaji kulipia kitanda ili kumsimulia mwanawe.

MJI WA MABATI NA MATOPE

Reli iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka wa 1896 ilifika Nairobi mwaka wa 1899. Palikuwa mahali pa majimaji, penye mto ambao Wamaasai waliuita kwa jina lenye maana ya maji baridi. Wahandisi walipachagua kwa sababu palikuwa tambarare, kabla ya treni kuanza kupanda milima kuelekea Bonde la Ufa. Hakuna aliyedhani pangekuwa mji mkuu.

Yaliyofuata yalikuwa mahema, mabanda ya mabati, maduka ya Wahindi na matope. Mnamo 1902 mji ulikumbwa na tauni, na sehemu ya maduka ikateketezwa kwa moto ili kuukomesha ugonjwa huo. Mwaka huohuo mwanamke aitwaye Mayence Bent alianzisha nyumba ya wageni iliyokuja kuwa hoteli ya Stanley, ambayo nayo ingalipo katikati ya jiji.

Miaka miwili baadaye, Major C.G.R. Ringer na mwenzake R. Aylmer Winearls walifungua Norfolk. Walijenga kwa mawe na kuezeka vigae, jambo lililokuwa la fahari katika mji wa mabati. Serikali ya mkoloni ilikuwa ikiwavuta walowezi kutoka Uingereza na Afrika Kusini kwa kuwaahidi mashamba katika nyanda za juu. Wengi waliposhuka kwenye treni walihitaji pa kulala huku wakisubiri kugawiwa ardhi. Kwa hiyo biashara ya Norfolk ilianza hapo: kumpa kitanda na chakula mtu aliyekuja kuchukua shamba.

Jambo hili linafaa kusemwa wazi kwa mtoto mkubwa. Ardhi waliyoisubiri wageni hao haikuwa tupu. Delamere mwenyewe alipewa ekari 100,000 upande wa Njoro. Kuna familia nyingi Kenya ambazo hadi leo husimulia zilivyohamishwa au kugeuzwa vibarua kwenye mashamba yaliyokuwa yao.

WAGENI WENYE VYEO NA WAPAGAZI WASIO NA MAJINA

Haikuchukua muda kabla ya hoteli hiyo kupachikwa jina la utani, "Bunge la Malodi", kwa jinsi ilivyojaa watu wenye vyeo vya ukoo kutoka Uingereza. Vituko vya enzi hiyo husimuliwa mpaka sasa. Maarufu kuliko vyote ni kile cha Delamere kuingia ndani ya chumba cha kulia akiwa juu ya farasi. Watoto hukipenda kisa hicho, na hakuna ubaya wakicheka. Mzazi anaweza kuuliza swali moja tu baada ya kicheko: nani alifagia?

Norfolk pia ilikuwa mahali pa kuanzia misafara ya uwindaji. Miongoni mwa wageni wake wa kale hutajwa Theodore Roosevelt, aliyekuja mwaka wa 1909 muda mfupi baada ya kuondoka ikulu ya Marekani. Aliandamana na mwanawe, Kermit. Kati yao wawili waliua zaidi ya wanyama 500, na maelfu ya vielelezo vya viumbe wa kila aina vikapelekwa katika makavazi ya Smithsonian jijini Washington. Ni misafara kama hiyo iliyolifanya neno letu la Kiswahili, safari, lijulikane kote duniani, ingawa huko lilibeba maana ya kwenda kuwatazama au kuwawinda wanyama tu.

Msafara ule ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200. Walibeba mahema, chumvi ya kuhifadhia ngozi, vitabu, bafu na chakula, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 25 hivi kichwani. Majina ya wawindaji yameandikwa vitabuni. Ya wapagazi, isipokuwa wachache, hayapo. Huenda baadhi yao ni mababu wa watu wanaosoma ukurasa huu kwa simu leo, na babu akiwa hai ni vyema kumuuliza kama katika ukoo palikuwa na mtu aliyekwenda na misafara ya Wazungu.

NDANI YA VYUMBA VYA KIFAHARI

Kinachowavutia wageni wa siku hizi ni vyumba. Hoteli kongwe hujivunia hasa vile vinavyoitwa suiti, yaani chumba cha kulala kilichounganishwa na sebule yake, na pengine veranda ndogo inayotazama bustani.

Vyumba vya namna hiyo vilikuwa na sababu. Zamani msafiri kutoka Ulaya alikaa melini kwa wiki kadhaa kabla ya kufika Mombasa, kisha akapanda treni hadi Nairobi. Hakuja kwa siku mbili. Alikuja na masanduku, bunduki, mavazi ya jioni na wakati mwingine mtumishi wake, akakaa kwa miezi. Alihitaji mahali pa kupokea wageni, kuandika barua na kufanya biashara bila kuketi kitandani. Sebule ya suiti ilikuwa ofisi yake na nyumba yake.

Norfolk ilijengwa ikizunguka bustani, na ndiyo sababu mgeni akiingia ndani huhisi kelele za jiji zimebaki nje. Kwa miaka mingi palikuwa na vijumba vilivyojitenga bustanini kwa waliotaka utulivu zaidi. Paliwekwa pia mikokoteni na magari ya kale, na wageni walipenda kupigia picha hapo.

Mgeni anayelala katika vyumba hivyo hulipia nafasi, na pia hulipia historia: kulala palipolala wakubwa. Lakini historia ya chumba si ya aliyelala peke yake. Kuna aliyetandika kitanda, aliyepasha maji ya kuoga kwa kuni, aliyepiga pasi ya makaa mashati ya jioni, na aliyesimama nyuma ya kiti usiku kucha akisubiri glasi iishe. Hao walikuwa Waafrika, wengi wao watu wazima wenye wake na watoto, na waliitwa "boi" hadi wakazeeka.

Mwafrika aliingia humo kama mtumishi. Ubaguzi wa rangi katika hoteli za Nairobi haukuanza kulegea hadi miaka ya mwisho ya ukoloni. Kwa hivyo mzee aliyezaliwa miaka ya 1930 huenda alipita nje ya veranda hiyo utotoni akijua kwamba, hata angekuwa na pesa, asingeuziwa chai. Leo mjukuu wake anaweza kuingia na kuagiza. Mzazi anapomwambia mtoto "zamani tusingeruhusiwa kuketi hapa", mtoto huelewa maana ya uhuru upesi kuliko kwa kukariri orodha ya tarehe za shuleni.

MACHI 16, 1922

Harry Thuku alikuwa na miaka ishirini na kitu alipoanza kutikisa mji. Alikuwa mwendesha simu katika ofisi ya hazina ya serikali, kazi nzuri kwa kijana Mwafrika wakati huo. Awali alikuwa amefanya kazi ya kupanga herufi katika gazeti la walowezi, na huko akasoma waliyokuwa wakiyaandika kuhusu watu wake.

Malalamiko hayakuwa machache. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, wanaume Waafrika walilazimishwa kubeba kipande, cheti cha kazi kilichotiwa ndani ya kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kodi ya nyumba ilipandishwa. Mwaka wa 1921 walowezi wakaamua kupunguza mishahara ya vibarua. Vijijini, machifu waliwatoa wanawake na wasichana kwenda kufanya kazi mashambani kwa nguvu, na wengine walidhulumiwa huko.

Thuku na wenzake waliunda chama kilichoitwa East African Association. Kilikuwa chama cha mjini, kilichowakusanya watu wa makabila mbalimbali, na Thuku alitoa gazeti dogo la Kiswahili lililoitwa Tangazo. Alipopinga kazi ya kulazimishwa ya wanawake, wanawake walimsikia.

Alikamatwa Machi 14, 1922, na kuzuiliwa katika kituo cha polisi kilichokuwa karibu na hoteli. Watu wakaanza kumiminika. Kufikia asubuhi ya Machi 16 walikuwa maelfu, wamesimama nje, wengine wakiomba Mungu, wengine wakiimba. Wajumbe walitumwa kuzungumza na wakuu wa serikali. Waliporudi, waliwaambia watu watawanyike, kwamba Thuku angeshughulikiwa kwa mujibu wa sheria.

Baadhi ya wanaume walianza kuondoka. Hapo ndipo mwanamke kutoka Murang'a, Muthoni Nyanjiru, alipojitokeza mbele. Aliinua nguo yake juu na kuwaambia wanaume waichukue, wao wampe suruali zao, ikiwa wameogopa. Miongoni mwa Wakikuyu, mama mzima kufanya hivyo ni laana na aibu kubwa kwa anayelengwa. Wanawake walipiga vigelegele, umati ukasonga kuelekea lango la polisi.

Risasi zikafyatuliwa. Nyanjiru alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuanguka. Serikali ilihesabu waliokufa kuwa zaidi ya 20, lakini hesabu nyingine zilizotolewa na Waafrika zilizidi 50. Masimulizi mengi ya siku hiyo yanasema kwamba si polisi pekee waliopiga. Walowezi waliokuwa wameketi kwenye veranda ya Norfolk nao walielekeza bunduki kwa umati, wakawapiga watu waliokuwa wakikimbia.

Thuku alipelekwa Kismayu bila kufikishwa mahakamani, akakaa uhamishoni kwa zaidi ya miaka minane. Aliporudi alikuwa mtu mwenye msimamo wa wastani, akawa mkulima wa kahawa Kiambu, na baadaye akapinga vita vya Mau Mau. Alifariki mwaka wa 1970. Si kila mtu alimpenda mwishoni. Ila barabara ilipewa jina lake kwa ajili ya siku hizo za mwezi wa Machi.

Nyanjiru hakupewa barabara hiyo. Kumbukumbu yake ilihifadhiwa na wanawake, kwa wimbo ulioitwa Kanyegenuri, kabla ya wanahistoria kuanza kuandika habari zake.

GODORO LA NYASI

Mnamo 1927 Norfolk ilipata mmiliki mpya ambaye hakuwa lodi wala mwanajeshi. Abraham Block alikuwa Myahudi aliyezaliwa Lithuania. Alifika Nairobi kutoka Afrika Kusini mwaka wa 1903 akiwa na mali kidogo sana.

Inasimuliwa kwamba mojawapo ya kazi zake za mwanzo mjini ilikuwa kutengeneza magodoro. Alikata nyasi, akazikausha, akashonea ndani ya kitambaa na kumuuzia Bi Mayence Bent kwa ajili ya hoteli yake changa. Miongo miwili na ushei baadaye, fundi huyo wa magodoro aliinunua Norfolk. Mwaka wa 1947 aliinunua pia Stanley, hoteli ileile iliyomlipa kwa magodoro ya nyasi.

Ni kisa kizuri cha bidii, na kinafaa kumpa moyo kijana anayetafuta riziki. Lakini mzazi mwaminifu huongeza sentensi moja. Mwafrika mwenye bidii sawa na ya Block, mwaka huohuo wa 1927, asingeruhusiwa hata kulala katika hoteli hiyo, seuze kuinunua.

NG'AMBO YA BARABARA

Mkabala na Norfolk kuna Jumba la Kitaifa la Maigizo, lililofunguliwa mwaka wa 1952, mwaka uleule serikali ilipotangaza hali ya hatari. Kwa muda mrefu lilikuwa jumba la Wazungu wa Nairobi, wakitazama michezo ya kwao kisha wakivuka barabara kwenda kula Norfolk.

Mnamo Oktoba 1976 mambo yalikuwa mengine. Mchezo wa kuigiza kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, ulioandikwa na Ngũgĩ wa Thiong'o na Mĩcere Gĩthae Mũgo, ulionyeshwa humo. Ngũgĩ alieleza baadaye kwamba mchezo ulipomalizika watazamaji waliungana na waigizaji, wakatoka nje wakiimba na kucheza, wakaelekea upande wa Norfolk. Polisi wakawazuia. Ilikuwa imepita miaka 13 tangu uhuru, na miaka 54 tangu Nyanjiru aanguke hapo karibu.

Simulizi hiyo inaonyesha kwamba uwanja ule mdogo kati ya hoteli, jumba la maigizo, chuo kikuu na kituo cha polisi cha Central haujawahi kuwa mtulivu kwa muda mrefu. Vizazi vya wanafunzi vimekimbizwa hapo kwa vitoa machozi. Mzazi aliyesoma chuoni humo ana hadithi zake mwenyewe za kuongeza.

USIKU WA MWAKA MPYA

Desemba 31, 1980, hoteli ilikuwa imejaa watu waliokuja kuupokea mwaka mpya. Bomu lililotegwa lililipuka na kuporomosha sehemu ya jengo juu ya chumba cha kulia. Watu wapatao 20 walifariki na wengine wengi wakajeruhiwa, Wakenya na wageni.

Shambulio hilo lilihusishwa na matukio ya Julai 1976, Kenya iliporuhusu ndege za Israel kutua Nairobi na kutiwa mafuta baada ya operesheni ya kuwaokoa mateka katika uwanja wa Entebbe nchini Uganda. Familia ya Block, iliyohusishwa na hoteli hiyo kwa muda mrefu, ilikuwa ya Kiyahudi.

Wakenya wengi hudhani ugaidi ulianza kuwafikia Agosti 7, 1998, ubalozi wa Marekani uliposhambuliwa. Waliokuwa Norfolk usiku ule wa 1980 wanajua sivyo. Miongoni mwa walioathirika walikuwepo watu waliokuwa kazini, maana mkesha wa mwaka mpya ni siku ambayo mhudumu wa hoteli hapati ruhusa ya kwenda nyumbani.

Sehemu iliyobomoka ilijengwa upya. Hoteli ikabadilisha mikono, na tangu miaka ya 2000 imebeba jina la Fairmont. Mwaka wa 2020, korona ilipofunga anga za dunia, Norfolk nayo ilifunga milango na wafanyakazi wake wakaachishwa kazi. Baadaye ilifunguliwa tena. Katika miaka zaidi ya 115, kila dhoruba iliyoipiga hoteli hiyo ilimgusa mgeni kwa siku chache, ila ilimgusa mfanyakazi kwa miaka.

KWENDA NA WATOTO

Si lazima familia ilale Norfolk ili kufaidi historia yake. Jumamosi moja inatosha, na sehemu kubwa ya ziara ni ya bure kwa sababu inafanyika kando ya barabara.

Anzeni kwenye kibao cha jina la barabara. Mwambie mtoto asome, kisha aulize Thuku alikuwa nani. Simameni mahali ambapo hoteli na jumba la maigizo vinaonekana pamoja. Hapo eleza habari za mwaka wa 1922. Umbali kati ya veranda na mahali watu walipokuwa wamesimama ni mfupi, na mtoto akiuona kwa macho yake hahitaji maelezo marefu.

Mtoto wa miaka sita au saba anatosheka kuambiwa kwamba watu walikuja kumwombea rafiki yao aachiliwe, na mama mmoja jasiri akasimama mbele wakati wengine waliogopa. Wa miaka kumi na zaidi anaweza kuelezwa habari za kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa. Kijana wa sekondari aambiwe yote, pamoja na alichofanya Nyanjiru na maana yake katika mila. Asipoelezwa na mzazi ataeleza mtandao, tena kwa mzaha.

Familia ikitaka kuingia hotelini, iingie kama wateja wengine. Kuna ukaguzi wa usalama langoni, hivyo begi liwe jepesi. Ombeni orodha ya vyakula na bei kabla ya kuagiza. Si aibu, na wahudumu wamezoea. Chungu kimoja cha chai na kipande cha keki cha kugawana si dhambi. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha ndani, na msielekeze kamera kituo cha polisi.

Mkiketi, wafundisheni watoto kumsalimia mhudumu na kumshukuru. Kama kazi haijambana, mwulizeni amefanya kazi hiyo kwa muda gani na ni sehemu gani ya hoteli anaipenda. Watumishi wa muda mrefu wa hoteli kongwe wanajua mambo ambayo hayamo katika vijitabu vya watalii, na ni nadra mtu kuwauliza.

Mkitoka, tembeeni hadi bustani ya Jeevanjee, iliyotolewa kwa mji na mfanyabiashara Mhindi A.M. Jeevanjee mwaka wa 1906, watoto wakimbie kidogo. Familia yenye nguvu inaweza kupanda hadi Makavazi ya Kitaifa mlimani Museum Hill. Angalieni pia kama kuna mchezo wa watoto katika jumba la maigizo siku hiyo.

Njiani kurudi nyumbani, ndani ya matatu, huenda mtoto akauliza tena lile swali la mwanzo kuhusu pale ni pa nani. Mwenye hati ya kumiliki anajulikana kisheria. Lakini mpagazi alianzia safari pale, mtandika kitanda alizeekea pale, na Nyanjiru alianguka hapo nje. Mtoto akishajua hayo, atapita barabara ile bila kudhani kwamba historia yake iko mahali pengine.